Uwanja wa viatu vya magurudumu nyuma ya nyumba

Kanada baba mtu anamwaga maji uani usiku, yanaganda, asubuhi watoto wanateleza. Sisi wa Tanga barafu yetu ni zege, na kama watoto wako wameshapata viatu vya magurudumu, usimwachie fundi kila kitu.

Unene sentimita 10 unatosha, mchanganyiko 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mchanga wa pwani achana nao, una chumvi. Uwanja uinamie upande mmoja, sentimita 1 kwa kila mita, la sivyo masika yakianza utafuga vyura.

Kazi yenyewe iko kwenye kumalizia. Zege likishalazwa, maji hupanda juu na kung'aa. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hunyunyiza saruji kavu ili yakauke, kisha anapiga niru, yaani anasugua saruji hiyo uso uwe laini. Mkatalie. Ngozi ile ya juu itakuwa dhaifu, itatoa vumbi na kubanduka magamba, na gurudumu dogo likinasa kwenye gamba mtoto anakula sakafu. Subirini maji yapotee yenyewe, ukikanyaga unyayo uingie kidogo tu, ndipo mwiko wa chuma upite.

Kesho yake kata mistari kwa grenda kila mita 3, kina sentimita 2.5, iwe myembamba. Ufa ukija utafuata humo.

Halafu funika kwa magunia, mwagilia siku 7. Jua letu hili halina huruma na zege bichi. Magari, hata bajaji, yasubiri siku 28.