Sala ya msafiri: kufupisha na kukusanya, kuanzia stendi hadi kurudi nyumbani

Wasafiri wengi wanajua kwamba rakaa nne huwa mbili (kufupisha), na kwamba sala mbili huweza kusaliwa ndani ya wakati wa mojawapo (kukusanya). Wanachokosea ni lini na wapi. Mmoja anakusanya adhuhuri na alasiri akiwa bado stendi ya mji wake, mwingine anakumbuka kunuia kufupisha akiwa ameshafunga sala, mwingine anaiacha adhuhuri ipite bila kunuia chochote na kuiita kukusanya. Rakaa zao zimetimia, lakini sala haikusihi au imetoka nje ya wakati wake. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye mipaka na nia kuliko kwenye rakaa.

Hukumu zilizomo ni za madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na misikiti mingi ya mwambao na visiwani. Pale ambapo utakutana na Waibadhi au Wahanafi, wafuasi wa madhehebu mengine, nimeeleza cha kufanya.

Hatua ya 1: Pima masafa kabla ya kukata tiketi

Masafa ya kufupisha, kwa vipimo vya kale, ni marhala mbili, yaani farsakh 16. Kwa kilomita, hesabu inayotumika sana ni 81 na kitu, ingawa wapo waliopandisha hadi karibu 89. Ni masafa ya kwenda peke yake. Kilomita 50 za kwenda na 50 za kurudi hazijumlishwi.

Dar hadi Morogoro (yapata kilomita 190), Mombasa hadi Malindi (yapata 120), Dar hadi Tanga, Mombasa hadi Nairobi: zote zimepita, hakuna mjadala. Dar hadi Bagamoyo haifiki. Mombasa hadi Kilifi haifiki.

Penye utata ni Dar na Unguja. Bandari hadi bandari ni karibu kilomita 75, na bahari hupimwa kama nchi kavu. Mwendo kasi wa boti hauongezi wala haupunguzi kitu. Anayeshukia bandari ya Malindi ya Unguja na kuishia Mji Mkongwe hajafikisha masafa, basi asali kamili na kila sala kwa wakati wake. Lakini anayetoka Dar akiwa amekusudia Paje tangu mwanzo, masafa yake yanahesabiwa hadi Paje, na hayo yanapita. Kinachoangaliwa ni mwisho wa safari aliokusudia, na lazima awe anaujua. Anayezunguka tu akitafuta mteja bila kujua ataishia wapi hafupishi, hata akimaliza wiki barabarani. Na safari yenyewe isiwe ya maasi: anayesafiri kwenda kufanya haramu hana rukhsa.

Hatua ya 2: Hesabu siku za kukaa

Ukinuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, umeshakuwa mkaazi tangu unapofika. Rukhsa inakoma hapo, si baada ya siku ya nne. Umefika Dodoma Jumatatu kwa semina na utaondoka Jumamosi: Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni siku 4 kamili, basi sali kamili tangu Jumatatu hiyo. Ukiondoka Ijumaa, zimebaki 3, na unaendelea kufupisha. Ukiwa njiani kwenda na kurudi unafupisha kwa hali zote mbili.

Hukumu ya anayesubiri shughuli isiyo na tarehe ni tofauti. Dereva wa lori aliyekwama Tunduma akingoja karatasi za forodha, kila siku akitarajia kuvuka kabla siku 4 hazijatimia, anafupisha hadi siku 18. Akijua fika kwamba foleni haitaisha ndani ya siku 4, huyo ni mkaazi. Madereva wanaulizia sana jambo hili na wengi hujibiwa nusu yake tu, wakaishia kufupisha mwezi mzima.

Hatua ya 3: Jua safari yako inaanzia wapi

Safari haianzi ukifunga begi, wala ukipanda gari. Inaanza ukishaziacha nyuma nyumba za mji wako. Kituo cha mabasi cha Mbezi kimo ndani ya Dar, na mkazi wa Dar aliyeketi pale na tiketi mkononi bado ni mkaazi. Kwenye barabara ya Morogoro nyumba zimeshikana Kibamba, Kiluvya, hadi Kibaha. Anayetaka usalama wa ibada yake angoje aipite Kibaha. Kwa boti, mji ukiwa umegusana na bahari, safari inaanza chombo kinapong'oa nanga.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: basi linaondoka saa 8 mchana, abiria anasali adhuhuri na alasiri pamoja pale stendi "asije akakosa". Alasiri hiyo haikusihi, kwa sababu imesaliwa kabla ya wakati wake na msafiri hajawa msafiri. Huyu asali adhuhuri kamili, rakaa nne, kisha aitafutie alasiri nafasi njiani. Alasiri haicheleweshwi hadi magharibi kwa hali yoyote. Zinazokusanywa ni adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Alfajiri haishikani na sala yoyote.

Ndiyo maana ni vizuri kuchagua saa ya kuondoka kwa kuangalia sala pia. Basi la saa 12 asubuhi lina nafuu kubwa: alfajiri umeisali nyumbani, na adhuhuri inakukuta mbali.

Hatua ya 4: Tunza udhu ndani ya gari

Chupa ya maji ya nusu lita, ukiimimina kwa uangalifu, inatosha udhu mmoja. Tawadha kabla ya kupanda. Usingizi wa aliyeketi makalio yakiwa yametulia kwenye kiti hautengui udhu. Ukikilaza kiti nyuma mpaka makalio yakaachia, umetenguka. Kugusana ngozi kwa ngozi na asiye maharimu wa jinsia nyingine kunatengua udhu wa wote wawili hata bila kukusudia, na kwenye basi lililojaa hilo ni rahisi kutokea. Mikono mirefu inasaidia.

Hatua ya 5: Funga sala ya kufupisha

Zinazofupishwa ni adhuhuri, alasiri na isha. Magharibi inabaki tatu.

Nia ya kufupisha lazima iwepo pamoja na takbira ya kuhirimia: "Nasali fardhi ya adhuhuri rakaa mbili kwa kufupisha, kwa ajili ya Allah." Ukifunga sala bila nia hiyo, au ukatia shaka ndani ya sala kama ulinuia, unatimiza nne hata shaka ikiondoka papo hapo.

Ukisimama kwa rakaa ya tatu kwa kusahau, rudi ukae, sujudu sijda ya kusahau, toa salamu. Ukisimama kwa makusudi bila kunuia kutimiza, sala imebatilika.

Jambo linalowanasa watu kwenye misikiti ya barabarani ni imamu. Ukimfuata anayesali kamili, hata kama umemkuta kwenye tahiyatu ya mwisho na umekaa naye sekunde chache, unatimiza nne. Kumfuata anayesali magharibi, alfajiri au Ijumaa huku wewe umenuia kufupisha kunakuwajibisha vivyo hivyo. Usipojua kama imamu ni msafiri au mkaazi, unatimiza. Ukijua ni msafiri ila hujui kama amenuia kufupisha, unaweza kunuia "akifupisha nafupisha, akitimiza natimiza", na sala inasihi. Mkiwa wasafiri watatu wanne, ngojeni sala ya jamaa ya wenyeji iishe, msali yenu pembeni. Na msafiri akiwasalisha wenyeji, akishatoa salamu awaambie: "Kamilisheni, sisi ni wasafiri."

Kwa Waibadhi masafa ni kama kilomita 12 tu, na kufupisha kwao ni wajibu. Ukisali Unguja au Maskati nyuma ya Mwibadhi anayefupisha nawe ni mkaazi, au safari yako haifikishi masafa ya Shafi, inuka baada ya salamu yake utimize zako. Wahanafi nao hufupisha kwa wajibu lakini hawakusanyi, isipokuwa kwa mahujaji Arafa na Muzdalifa. Ukiwa nao safari moja, usiwalazimishe, wala wao wasikuone umekosea.

Je, ni bora kufupisha au kutimiza? Safari ikifika marhala tatu, yapata kilomita 122, kufupisha ni bora. Ikiwa chini ya hapo, kutimiza ni bora. Dereva ambaye maisha yake ni safari anaruhusiwa kufupisha, ila kwake kutimiza kumependekezwa. Lakini asiyejisikia vizuri na rukhsa, akiona kama kufupisha ni upungufu wa dini, huyo hasa afupishe. Umar alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kufupisha hali ya kuwa watu wamo katika amani, alijibiwa kuwa ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi waipokee sadaka yake.

Hatua ya 6: Kukusanya kwa kutanguliza

Hapa unasali alasiri ndani ya wakati wa adhuhuri, au isha ndani ya wakati wa magharibi. Masharti yake:

1. Wakati wa sala ya kwanza uwe umeingia. Dar, jua hupinduka kati ya saa 6 na dakika 6 hivi na saa 6 na dakika 37, kutegemea mwezi, na kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo linavyochelewa: Mwanza ni kama dakika 25 baadaye. Basi likisimama kwa chakula saa 6 kamili, adhuhuri haijaingia popote kwenye njia hiyo. Usisali, nenda hatua ya 7.
2. Anza na ya kwanza. Ukigeuza, ya pili haikusihi.
3. Nuia kukusanya ndani ya sala ya kwanza. Nia hii ina nafasi kuliko ile ya kufupisha: hata kabla ya salamu inatosha.
4. Zifuatanishe. Kukimu, kutafuta kibla upya, hata udhu wa haraka haudhuru. Mwachano wa kadiri ya rakaa mbili nyepesi unakata. Anayesali sunna katikati, au anayekimbilia kaunta kuagiza chipsi kisha akarudi, ameshakata. Alasiri yake inangoja wakati wake. Sunna za kabla zisali kabla, zilizobaki zisali baada ya fardhi zote mbili.
5. Uwe bado msafiri unapofunga sala ya pili.

Kwa dakika 20 za chakula, mpangilio unaokwenda vizuri ni msalani na udhu kwanza, fardhi mbili za rakaa mbilimbili, kisha chakula. Ukianza na chakula, honi italia ukiwa kwenye foleni ya maji.

Kibla hakina shida kubwa upande wetu. Dar, Tanga na Mombasa ni karibu kaskazini kamili. Nairobi na Dodoma ni kaskazini ukielemea mashariki kidogo, chini ya nyuzi 10. Ukiwa kwenye treni ya Dar kwenda Dodoma, kibla kwa ujumla kiko mkono wa kulia.

Hatua ya 7: Kukusanya kwa kuchelewesha

Hii ndiyo rahisi kwa mabasi ya siku nzima, na sharti lake kubwa ni moja: ndani ya wakati wa adhuhuri, ukiwa umekaa kitini, nuia moyoni kwamba unaichelewesha uisali pamoja na alasiri. Nia iwe umebaki wakati unaotosha kuisali. Ukilala usingizi wa kuchagua au ukazubaa mpaka alasiri ikaingia bila nia, adhuhuri imekuwa kadha, yaani sala ya kulipwa nje ya wakati wake, na una dhambi. Kunuia kabla jua halijapinduka hakutoshi. Weka kengele ya simu saa 7 mchana.

Kwa upande wa isha, nuia ndani ya wakati wa magharibi, ambao ni mfupi.

Sharti la pili ni kubaki msafiri mpaka umalize zote mbili. Mkazi wa Arusha anayerudi kutoka Dar, akaingia nyumba za Arusha kabla hajamaliza, alasiri anaisali nne, na adhuhuri anaisali nne ikiwa kadha, bila dhambi. Mgeni wa siku mbili Arusha hana tatizo hilo. Atasali zote kwa kufupisha alipofikia.

Basi likikataa kusimama

Muombe kondakta mapema, na muombe mkiwa wengi. Hata pale mnaposimama kuchimba dawa, yaani kujisaidia, dakika 5 zinatosha rakaa mbili kwa mwenye udhu. Ikishindikana na wakati unatoka, sali kitini kwa kadiri unavyoweza, kwa kuheshimu wakati, kisha irudie ukishuka. Kuirudia ni lazima, kwa sababu fardhi inahitaji kusimama na kuelekea kibla. Sunna peke yake ndiyo inayosaliwa kitini ukielekea uendako. Kwenye boti, simama na uelekee kibla, na chombo kikigeuka nawe ugeuke. Ukishikwa na kizunguzungu, kaa.

Ijumaa

Mwenye wajibu wa Ijumaa ni haramu kuanza safari baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila kama ataipata njiani au ataharibikiwa kwa kuachwa na msafara. Basi toka kabla ya alfajiri au ngoja baada ya sala. Aliyekwisha kuwa safarini Ijumaa haimlazimu. Akiisali, inamtosheleza adhuhuri, na anaweza kuikusanya alasiri pamoja nayo kwa kutanguliza.

Ukirudi

Ukiingia tu nyumba za mji wako, rukhsa imekwisha, hata kama nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwenye foleni ya magari. Sala iliyokupita safarini ukailipa ukiwa bado safarini, unaifupisha. Ukiilipa nyumbani, ni nne. Na sala iliyokupita nyumbani kisha ukaikumbuka ukiwa safarini, nayo ni nne.