Kuta za mawe kutoka trei ya mayai

Kwa mnaocheza Dungeons & Dragons mezani (mchezo wa kuigiza hadithi za mashujaa): msikimbilie kununua kuta ndogo za plastiki za kupanga mezani. Chukua trei ya mayai, ile ya karatasi, ukate sehemu zake bapa vipande vidogo vya sentimita 1 kwa nusu, na pembe uzipunguze kidogo kwa mkasi. Vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao juu ya kipande cha boksi, ukiacha nyufa katikati. Uso wake wa kukwaruza unafanana kabisa na jiwe. Ikikauka, paka rangi nyeusi ya maji iliyochanganywa na gundi hiyohiyo. Ukuta unakuwa mgumu.

Sasa ndiyo raha yenyewe: chovya brashi kwenye rangi ya kijivu, ifute gazetini mpaka ibaki kama haina kitu, halafu ipitishe juujuu. Mawe yanajitokeza yenyewe.

Sakafu ichore miraba ya sentimita 2.5, maana mraba mmoja ni futi 5 za mchezoni. Na ukitumia lile povu jeupe la kwenye boksi la televisheni, usilipulizie rangi ya kopo. Linayeyuka. Nilipoteza mnara mzima hivyo.