Somo: Namna ya kupanga sebule ndefu ikakalika

Viwanja vingi vya Kampala na pembezoni mwake ni vya futi 50 kwa 100, na nyumba hufuata umbo la kiwanja. Ndiyo maana sebule nyingi tunazohamia ni nyembamba na ndefu. Tukishahamia, makochi yote tunayasukumia ukutani, katikati panabaki uwanja, na wageni wanatazamana kwa mbali kama watu wanaosubiri daktari. Najua desturi hii imetoka wapi: kwetu mgeni hahesabiwi kabla hajafika, kwa hiyo kila mwenye nyumba anataka nafasi. Lakini uwanja wa katikati haumkalishi mtu. Sebule ndefu igawe mara mbili, kisha kila upande upe kazi yake.

Nitatumia mfano wa sebule ya futi 12 kwa 24, mlango wa nje uko mwisho mmoja wa ukuta mrefu na mlango wa kwenda jikoni uko mwisho wa pili wa ukuta huohuo. Kama yako ni tofauti, badilisha namba tu.

Hatua ya 1: Tafuta njia kwanza. Kabla ya kugusa kochi, tazama watu wa nyumbani wanapita wapi. Katika mfano wetu wanapita kando ya ule ukuta wenye milango. Iachie njia hiyo futi 3 kamili, isikatishwe na meza wala mguu wa kiti. Ijaribu kwa vitendo: beba sinia lenye chupa ya chai na vikombe, toka nalo jikoni hadi pale wageni watakapokaa. Ukilazimika kugeuka ubavu, njia bado ni nyembamba.

Hatua ya 2: Gawa. Pima futi 13 kutoka ukuta mfupi ulio upande wa mlango wa nje, weka alama sakafuni. Hapo ndipo utakapofika mgongo wa kochi la watu watatu, limekingama chumba, limeupa mgongo upande wa jikoni na kutazama ukuta mfupi. Kochi la namna hiyo huwa na urefu wa karibu futi 7, kwa hiyo njia yako haiguswi. Mgongo wa kochi ndio unaokuwa mpaka. Huhitaji kujenga kitu. Futi 13 za mbele ni upande wa mazungumzo; futi 11 zinazobaki nyuma yake ni za meza ya chakula, au za watoto kufanyia kazi za shule.

Watu wengi husita hapa, wakiona kumpa mtu mgongo wa kochi ni utovu wa adabu. Angalia mlango uko wapi. Mgeni akiingia anaona sura za watu, si migongo, maana mlango wa nje uko upande wa mazungumzo. Kama mlango wako uko upande wa pili, geuza mpango wote: mazungumzo yafuate mlango. Na mgongo wa kochi ukikuonekania mtupu, uegemeze kabati fupi lisilozidi kimo cha kochi, uweke taa juu yake.

Hatua ya 3: Sogeza viti vizungumze. Kochi la watu wawili liegemee ukuta mrefu usio na milango, na kiti cha mtu mmoja kikae upande wa TV, itakayokaa ukuta mfupi, kimeinamia kidogo upande wa wenzake. Kutoka uso wa mtu hadi uso wa mwenzake pasizidi futi 8. Meza ya kati iwe futi moja na nusu kutoka kwenye kochi, ili mtu aweke kikombe bila kuinuka. Kisha keti, mwambie mtu akae kiti cha mbali zaidi, mwongee kwa sauti ya usiku watoto wakiwa wamelala. Msiposikilizana, sogezeni.

Hata kochi lililo ukutani liache nafasi ya shubiri moja. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukuta hutoa unyevu, na kochi lililoubana huota ukungu mgongoni ambao huuoni mpaka harufu itoke.

Hatua ya 4: Zulia au mkeka. Miguu ya mbele ya viti vyote vya mazungumzo ikanyage zulia moja. Zulia dogo linaloelea katikati peke yake huzidi kukifanya chumba kuwa kirefu. Mkeka mkubwa wa ukindu unafaa vilevile, na kwangu mimi unapendeza kuliko mazulia mengi ya dukani. Ulaze mistari yake ikikingama chumba.

Hatua ya 5: TV na taa. TV ikae ukuta mfupi unaotazamwa na kochi la watu watatu. Taa moja ya darini huonyesha urefu wote wa chumba kwa mkupuo. Weka mbili au tatu ndogo, chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, zenye balbu ya mwanga wa njano. Iwepo moja ya sola, umeme ukikatika mkae palepale.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Jinja: Mwalimu, sebule yangu ina upana wa futi 10 tu na nataka kochi la L. Nifanyeje?

Linafaa sana, dada. Mkono mrefu uwe ukutani, mfupi ukingame uwe mpaka. Lakini usiende kwa fundi wa Nsambya au Bwaise kabla hujachora. Fundi atakuuliza mkono mfupi uwe kulia au kushoto, na ukikosea hapo kochi litaziba njia. Tandaza magazeti sakafuni kwa vipimo vya kochi, uyazunguke siku mbili.

Kutoka Arua: Shikamoo mwalimu. Siku ya Idi tunapokea hata watu ishirini. Mpangilio huu si utatufinya?

Marahaba. Hautawafinya vitu vikiwa vyepesi. Badala ya kuongeza kochi, tengeneza stuli zinazoingia chini ya meza ya kati, na mikeka miwili iliyokunjwa ikae nyuma ya kochi. Bandika vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya kochi la kati: vijana wawili watalisukuma hadi ukutani na baada ya sikukuu litarudi kwenye alama yake.

Kutoka Bombo: Ukuta mrefu nimeuachia picha moja kubwa, lakini bado unaonekana kama ukuta wa shule.

Tundika vitu vilivyokusanyika, usivipange mstari mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Bombo mna makawa (vifuniko vya chakula) ya kusuka ya Kinubi, ya rangi kali. Matano au sita yaliyofungamana juu ya kochi yatawavuta watu pale wanapokaa. Sehemu nyingine ya ukuta iache tupu.

Kutoka Kabale: Kwetu ni baridi. Jioni tunaleta sigiri ndani ili sebule ipate joto. Tuiweke wapi?

Nje, kaka. Nakuomba sana. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi; haina harufu, haionekani, na huua watu wakiwa usingizini. Joto litafute kwa njia nyingine: pazia zito linalogusa sakafu, zulia nene, makochi mbali na dirisha, na kitambaa kilichosokotwa kuziba upenyo chini ya mlango. Na kwa kuwa umeshakigawa chumba, tundika pazia la pili nyuma ya kochi la kati, ulifunge jioni. Joto la watu sita waliokaa karibu litabaki upande wenu.