Sola ya maji moto ikitoa maji baridi, tafuta hewa kwanza

Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hivi, simu zinanijia karibu zote na lalamiko moja: fundi, jua linawaka kutwa nzima lakini bafuni maji ni ya baridi. Mimi ni fundi bomba, na kazi zangu nyingi ziko kwenye nyumba za vilimani hapa Mwanza, Isamilo, Bugando na Capri Point. Kabla sijabeba ngazi huwa namwambia mwenye nyumba: usinunue kitu kwanza. Usinunue hita ya umeme, wala usikubali kubadilishiwa paneli. Mara nyingi kifaa ni kizima, ila maji hayazunguki.

Sola hizi za kawaida hazina pampu. Maji ya baridi ni mazito kuliko ya moto, kwa hiyo yanashuka kutoka chini ya tangi hadi chini ya paneli, yanapata joto, yanapanda yenyewe na kurudi tangini. Ndiyo maana tangi huwekwa juu ya paneli. Nguvu inayoyasukuma ni ndogo mno, na hewa kidogo tu ikikaa kwenye kona ya bomba inatosha kuyasimamisha. Nchi za baridi wanahangaika na jambo hilohilo kwenye radiata zao za ukutani, zile za kupasha nyumba joto kwa maji moto: radiata ikiwa ya baridi juu na ya moto chini, hewa imejikusanya juu, na wanaitoa kwa ufunguo mdogo.

Kipimo cha kwanza ni mkono wako. Panda saa saba mchana, siku yenye jua. Gusa kwa haraka bomba linalotoka kona ya juu ya paneli kuelekea tangini, kisha gusa lile linaloshuka kutoka tangini. La juu linatakiwa kuwa la moto kiasi kwamba huwezi kulishikilia, na la chini liwe la baridi kwa mbali. Ukikuta sehemu ya juu ya paneli inaunguza lakini bomba linapoingia tangini ni la baridi, maji yamesimama. Ukikuta yote mawili ni ya moto na bado bafuni hupati kitu, sola yako inafanya kazi na tatizo liko ndani ya nyumba. Nitalifikia.

Kwa nini hewa? Kwa sababu maji yanakatika. Ziwa Victoria tunaliona dirishani, lakini kupandisha maji hadi kwenye majabali haya ni kazi nyingine, na simtanki ikikauka siku mbili, hewa inaingia kwenye mabomba. Na kama hakuna valvu ya kuzuia maji kurudi, tangi la sola nalo linapungua. Maji yakishuka chini ya tundu ambalo maji moto ya paneli huingilia, mzunguko umekatika hata kama tangi lina maji nusu. Kwa hiyo angalia simtanki kabla ya yote. Iwe imejaa, na kitako chake kiwe juu kuliko kichwa cha tangi la sola.

Kutoa hewa fanya alfajiri au jioni. Mchana maji yaliyosimama kwenye paneli huweza kufika kuchemka. Kwa mwinuko wetu wa mita 1,140 hivi kutoka usawa wa bahari yanachemka kwenye nyuzi 96, na mvuke huo unaunguza vibaya. Kama una hita ya umeme ndani ya tangi, zima swichi yake kuu, maana ikiwashwa bila maji inaungua. Fungua mabomba ya maji moto ya nyumba nzima, ukianza na lililo chini kabisa. Yatatema na kukohoa. Yaache mpaka yatiririke bila kukatika, ndipo ufunge moja moja. Kisha rudi juu, shika yunioni, yaani kile kiungio cha bomba, ya kona ya juu ya paneli, uilegeze kwa spana mzunguko mmoja hivi. Utasikia hewa inafoka. Subiri maji yaanze kutoka yenyewe bila mapovu, kaza. Usiifungue yote.

Ikiwa hewa inarudi kila baada ya wiki chache, tazama namna bomba lilivyolazwa. Kuna mama mmoja Isamilo aliyekuwa ameambiwa na muuzaji kwamba paneli imekufa. Nilipomwamkia tu alinionyesha ankara ya nyingine aliyotaka kwenda kuilipia. "Mwanangu, nimechoka kuchemsha maji kwa mkaa." Nikamwomba asubiri nusu saa. Bomba la plastiki lililotoka kwenye paneli lilikuwa limelegea kati ya klempu mbili, likashuka, kisha likapanda juu ya ukingo wa bati na kufanya nundu kama ya ng'ombe. Juu ya ile nundu hewa ilikuwa inakaa raha mustarehe. Nilikata kipande, nikalinyoosha lipande taratibu moja kwa moja hadi tangini, nikaongeza klempu mbili. Kesho yake jioni alioga maji ya moto. Bomba la maji moto lipande tu. Pasiwe na mahali linaposhuka kisha kupanda tena.

Kosa linalofanana na hilo ni kulaza paneli bapa juu ya zege kwa sababu eti huku jua liko utosini. Kweli tuko karibu na Ikweta, lakini maji hayapandi kwenye kitu kilicholala. Iinue walau nyuzi 10 hadi 15.

Sasa ndani ya nyumba. Bafu nyingi hapa maji ya baridi yanatoka moja kwa moja kwenye laini ya mjini, yenye presha, na maji moto yanashuka taratibu kutoka kwenye sola. Yakikutana kwenye bomba la kuchanganyia, ya baridi yanayashinda ya moto na kuyarudisha juu. Jaribu hivi: funga koki inayoingiza maji baridi kwenye tangi la sola, kisha fungua bomba la maji moto. Maji yakiendelea kutoka kwa nguvu muda mrefu, hayo si ya sola. Ni ya baridi yanayovuka mahali fulani, na mara nyingi mhalifu ni shawa ya mkononi iliyozimwa kwenye kichwa chake huku koki zote mbili za ukutani zikiwa wazi. Dawa ya kudumu ni bafu lote, moto na baridi, lilishwe na simtanki moja.

Kwa sola za mirija ya kioo, angalia ncha ya chini ya kila mrija. Inatakiwa kung'aa rangi ya fedha; ikigeuka nyeupe, ombwe, yaani ule utupu usio na hewa unaotunza joto, limepotea na mrija huo ubadilishwe. Usijaze maji baridi kwenye mirija iliyokaa juani, itapasuka. Vioo vioshe asubuhi kungali baridi, hasa baada ya wale wadudu wadogo wa ziwani kutua.

Maji ya ziwa ni laini, hayaachi chokaa nyingi. Wa visima vya kuchimba, safisheni tangi mara kwa mara.

Mwisho, tazama ndani ya kioo cha paneli. Ukungu wa asubuhi unaotoweka jua likipanda si tatizo. Matone yanayokaa hadi mchana yanamaanisha bomba la ndani linavuja, na hiyo si kazi ya kufanyia juu ya bati: fundi aishushe paneli, aijaze maji kwa presha ikiwa chini, aone linapovujia kabla hajafungua kioo.