Kikumbusho cha siku ya taka kwa nyumba ya Tanga: kukipanga kwenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani

Kabla hujanunua chochote, pita ofisi ya serikali ya mtaa, au muulize anayekusanya ada ya taka, akwambie mambo mawili: gari linapita siku zipi, na likiwahi sana linafika saa ngapi. La pili watu hawaulizi, na ndilo linaloamua mpangilio wote. Hapa tuchukulie Jumanne na Ijumaa, na gari likiwahi linafika saa 1 asubuhi.

Halafu kuna kunguru. Kiroba kikilala nje, asubuhi unakikuta kimeshatobolewa, mifupa ya samaki na maganda ya maembe yametapakaa hadi mlangoni kwa jirani. Kwa hiyo vikumbusho viwe viwili: cha jioni, viroba vifungwe na kuwekwa uani, na cha asubuhi, vitolewe barabarani. Cha asubuhi kisinyamaze mpaka mtu athibitishe kwamba taka zimetoka, na kisitegemee simu ya mtu mmoja, maana mwenye simu huenda yuko safarini na aliyebaki nyumbani ni dada wa kazi au bibi.

Vifaa ni hivi: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2 au zaidi, adapta yake ya volti 5 ampea 3, SSD (diski ya kuhifadhia) ndogo, dongo ya USB, yaani kifaa cha kupokea mawimbi ya Zigbee (redio inayounganisha vifaa vya nyumbani), balbu moja ya rangi ya Zigbee, na kitufe kimoja cha Zigbee, ambacho mara nyingi hutumia betri ya CR2032. Angalia holda kwanza kama ni ya pini au ya kuzungusha, ndipo ununue balbu. SSD usiiruke: kadi ya memori huharibika haraka umeme unapokatika katikati ya kuandika. Dongo nayo iunge kwa kebo ya USB ya nusu mita hivi, kwa sababu ikichomekwa moja kwa moja kando ya SSD, matundu ya USB 3 huvuruga mawimbi yake.

Ukishaweka Home Assistant, hakikisha saa za eneo ni Africa/Dar_es_Salaam. Kisha ingia Settings, Devices & services, ongeza Local Calendar, uipe jina "Taka". Weka tukio la kujirudia kila wiki, Jumanne na Ijumaa, kuanzia 06:30 hadi 09:00, yaani saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi. Hapa kuwa makini: ukiandika 01:00 ukimaanisha saa 1 asubuhi, simu itaita saa 7 usiku. Ongeza pia Helper ya aina ya Toggle, yaani swichi ya ndani ya programu, uiite "Taka zimetoka".

Sasa otomatiki zenyewe, yaani maagizo ambayo mfumo hujiendeshea. Ya kwanza ianzishwe na kalenda, muda wa saa 11 kabla ya tukio kuanza, yaani 19:30. Izime "Taka zimetoka", iwashe balbu rangi ya njano na kutuma ujumbe kwenye simu zote za nyumbani. Ya pili ianzishwe na Time pattern ya kila dakika 10, kwa masharti mawili: kalenda iwe "on" (tukio linaendelea), na "Taka zimetoka" iwe imezimwa. Hiyo igeuze balbu kuwa nyekundu na itume ujumbe wenye tag (lebo) moja tu, "taka", ili ujumbe mpya ufute wa zamani badala ya kurundikana. Usitumie delay kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe. Mfumo ukijiwasha upya, kusubiri huko hupotea, ila Toggle hukumbuka hali yake.

Ya tatu ni ya kitufe. Kikibonyezwa, balbu izime. "Taka zimetoka" iwake tu ikiwa kalenda iko "on", la sivyo mtu akibonyeza jioni kuzima njano, asubuhi mfumo utadhani taka zimeshatoka. Tukio likiisha, otomatiki ya nne izime balbu na kukumbusha ndoo irudishwe ndani.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uwekee kalenda yake. Ukiuchanganya na hii, taa itawaka nyekundu siku ambayo gari haliji.

Kitufe kibandike ndani, kando ya mlango unaotokea barabarani. Ukikiweka getini, hasa Raskazone kwenye upepo wa bahari, chumvi hula vishikio vya betri. Kuta za tofali nazo hudhoofisha mawimbi. Balbu ya Zigbee kwa kawaida hupokezana mawimbi ya kitufe, kwa hiyo swichi yake ya ukutani ikizimwa, kitufe nacho huenda kikapotea. Swichi hiyo ifunike kwa kibandiko.

Umeme ndio adui mkubwa. Pi 4 haina saa yenye betri: umeme ukirudi kabla ya intaneti, inaamka na saa isiyo sahihi na kuita ovyo. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo ya rauta, lakini soma maandishi kwenye tundu lake la USB. Nyingi hutoa ampea 2 tu, na Pi itakuwa inajizima yenyewe.

Kwenye simu za Android, itoe programu ya Home Assistant kwenye orodha ya kubana betri, na kwenye ujumbe weka priority: high na ttl: 0, ili ufike papo hapo. Bila hivyo ujumbe wa 06:40 huweza kufika saa 3, gari limeshapita.

Kujaribu, weka tukio linaloanza nusu saa mbele. Usiliweke la dakika tano, kwa sababu kalenda husomwa upya kila dakika 15. Zima Toggle kwa mkono, subiri nyekundu, bonyeza kitufe. Otomatiki ya jioni ijaribu kwa kuiendesha mwenyewe kutoka kwenye menyu yake. Mwisho zima swichi kuu ya nyumba kwa dakika kumi, uone kama rauta na Pi vinabaki hewani.