Kiti ulichokikuta kimetupwa nje: kukikagua, kukisafisha na kukirudisha kazini

Nimemaliza kumsaidia kijana mmoja anayeanza maisha kupata meza na viti kutoka kwenye vitu vinavyowekwa nje vizolewe na gari la taka. Alikuwa tayari kubeba kila alichokiona, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kumwambia "hicho kiache". Ninaandika zaidi kuhusu fanicha ya mbao kwa sababu ndiyo inayorudi vizuri. Vya umeme nitavigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Hakikisha kimetupwa kweli

Kitu kusimama nje hakimaanishi kimetupwa. Pengine mtu anahama na gari liko njiani. Gonga mlango, uulize, kisha uulize na sababu ya kukitupa. "Mguu umelegea" ni habari njema. "Tulikuwa na wadudu" maana yake shukuru, uende zako.

Jua pia sheria ya mahali ulipo. Kwingine taka ikishawekwa nje ni mali ya mji au ya mwenye zabuni ya kuzoa, na kuiokota ni kosa. Wapo wanaotaja kesi ya Marekani ya California v. Greenwood, ya mwaka 1988, kana kwamba iliwapa watu ruhusa. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua pale kwamba polisi hawahitaji hati ya upekuzi kukagua taka iliyoachwa nje. Hukumu ilihusu upekuzi, na sheria ndogo za miji zikabaki palepale. Popote ulipo, usipasue mifuko ya watu wala usiache uchafu umetapakaa.

Hatua ya 2: Amua papo hapo

Kuna vitu ambavyo mimi sivigusi hata kama vinang'aa: godoro, sofa na chochote chenye sponji nene, kofia ngumu za pikipiki na viti vya watoto vya garini (huwezi kujua kama vimewahi kupata ajali), mitungi ya gesi, na vitanda vya watoto wachanga vyenye ubavu unaoteremshwa. Hivi vya mwisho vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa kwenye mwanya wa ubavu huo na kukosa hewa.

Vilivyobaki, pindua uangalie chini. Juu kumepakwa kila kitu; chini ndiko mbao inakojieleza. Fuata mistari ya mbao hadi ukingoni. Kama inaendelea na kugeuka kuwa duara za mti kwenye kata, hiyo ni mbao halisi. Kama ukingo una utepe uliobandikwa na ndani mna chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipbodi. Chipbodi kavu inaweza kukufaa kwa rafu ya vitu vyepesi. Chipbodi iliyonyeshewa ikavimba pembeni hairudi, usipoteze muda nayo.

Ukiona vitundu vidogo vya duara, gonga kwa kisigino cha mkono juu ya karatasi nyeusi. Unga mweupe mpya ukidondoka, wadudu bado wanakula mbao. Kiache.

Hatua ya 3: Kunguni

Hatua hii ndiyo iliyowahi kunilia saa nyingi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Kasoro nyingine zote unaweza kuzirekebisha baadaye. Kunguni wakishaingia chumbani, shida inahama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye kitanda chako. Kwa hiyo kanuni yangu haina msamaha: kitu hakivuki mlango kabla hakijakaguliwa nje, mchana, kwa tochi.

Unachotafuta ni hiki. Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, bapa, rangi ya kahawia. Mdogo anaweza kuwa milimita 1.5 tu, na kabla hajanyonya ni mweupe karibu haonekani. Mayai ni kama milimita moja, meupe, yamegandishwa kwenye ufa. Wenyewe huwaoni kirahisi mchana, lakini alama zao hazijifichi: madoa meusi madogo yaliyokaa kwa makundi, kama mtu amegusagusa kwa ncha ya kalamu, na magamba matupu ya rangi ya asali wanayoyavua wanapokua. Lowesha pamba au kitambaa cheupe, bonyeza doa, vuta. Likiacha mchirizi wa kahawia yenye wekundu, chukulia ni kinyesi cha kunguni. Doa la rangi au la kutu lililoshika kwenye mbao kwa kawaida halivutiki hivyo.

Tafuta pale ambapo wewe usingefikiria kukaa: ndani ya matundu ya skrubu, kwenye mkutano wa mguu na fremu, nyuma ya vipande vya pembe vilivyogongwa chini ya kiti, na kwenye mifereji ya droo. Droo zote zitolewe kabisa, zipinduliwe. Kama kiti kina kitambaa chembamba kilichobanwa kwa pini upande wa chini, king'oe. Wengi hukagua juu ya kitambaa hicho na kuridhika, kumbe makao ya kunguni yako ndani yake. Pitisha ukingo wa kadi ngumu ya plastiki katika kila ufa, uone inatoka na nini. Ukiwa na mashine ya kukaushia nywele, iweke kwenye joto la juu na upepo mdogo, uielekeze kwenye ufa kwa muda. Aliyejificha humo mara nyingi atatoka. Hawaruki wala hawana mbawa, kwa hiyo utamwona akitembea.

Sasa tahadhari, maana hapa kuna ushauri mwingi mbaya.

"Kiache nje wiki moja, watakufa njaa." Hapana. Kunguni hukaa miezi bila kula, na penye ubaridi hukaa zaidi.

"Kifunge kwenye mfuko mweusi ukianike juani." Joto linaua kweli: nyuzi 50 za Selsiasi zikifika mahali alipo na kudumu, hatoki mtu. Ila mbao nene hupata joto polepole, upande wa kivulini hubaki baridi, na mdudu akisikia joto linapanda atahamia huko. Bila kipimajoto kilichowekwa ndani ya ufa wa mbali kabisa na jua, unabahatisha.

"Pulizia dawa." Kunguni wa sehemu nyingi duniani wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, zile zinazouzwa zaidi kwa matumizi ya nyumbani. Dawa hiyo itakuachia kiti chenye sumu na wadudu wazima. Petroli, mafuta ya taa na spiriti ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nyumba zimeungua kwa njia hiyo.

Ninachokiamini mimi ni mvuke. Mashine ya mvuke yenye kichwa kipana, ipitishwe polepole sana, mbao ikiguswa mara baada ya kichwa kupita iwe na nyuzi 70 au zaidi. Kichwa chembamba chenye msukumo mkali usikitumie, kitawapeperusha wakiwa hai. Vanishi ya zamani inaweza kupauka kwa mvuke, na mimi naikubali hasara hiyo. Vitu vidogo vya nguo vizungushe kwenye mashine ya kukausha kwa joto la juu nusu saa baada ya kuwa tayari vimepata joto. Vitabu na vitu visivyostahimili joto, vifunge uviweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili, ukiwa umehakikisha kwa kipimajoto kwamba friza inafika huko.

Na hata hivyo, mvuke mimi nautumia kama bima kwenye kitu ambacho ukaguzi haukuonyesha kitu. Nikiona alama moja tu ya kweli, siokoi. Ninaandika KUNGUNI kwa herufi kubwa juu yake ili mwingine asikibebe, nakung'uta nguo zangu palepale, nakwenda.

Hatua ya 4: Kisafishe

Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kikavu. Mbao haipendi kulowa. Ukungu wa juu unatoka; ulioingia kwenye kitambaa hautoki.

Hatua ya 5: Viungo vinavyocheza

Viti vingi hutupwa kwa sababu hii moja. Kikalie, jitikise kushoto na kulia, utasikia kinapolia. Mtu wa kwanza humimina gundi juu ya ufa. Wa pili hupiga msumari. Gundi ya juu haifiki kokote, na msumari hupasua ulimi wa mbao ulio ndani, halafu anayekuja kukitengeneza tena anakuta kuni.

Ukweli ni kwamba gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Inahitaji kuingia kwenye vinyweleo vya mbao, na gundi ya zamani imeviziba. Kwa hiyo kiungo kinachocheza lazima kifunguliwe.

Kwanza andika namba kwenye utepe wa karatasi, ubandike kila upande wa kila kiungo. Miguu minne inafanana kwa macho tu. Pili, tafuta misumari na pini zilizofichwa na uzitoe, kwa sababu ukigonga bila kuziona utang'oa kipande cha mguu. Kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, karibu na kiungo chenyewe. Kinachokataa, kiwekee siki ya moto kidogo kwa kitambaa na ungoje. Kiungo ambacho bado kimeshika vizuri kiache kama kilivyo.

Sasa angalia gundi ya zamani. Idondoshee maji ya moto, usugue kwa kidole. Ikirudi kunata, ni gundi ya wanyama, iliyokuwa ya kawaida kwenye fanicha za kabla ya katikati ya karne ya 20. Hiyo huoshwa kwa maji ya moto na mswaki. Ikiwa inabanduka kama mpira, ni gundi nyeupe. Ikwangue kwa kisu mpaka uone mbao. Kwangua gundi, mbao iachie unene wake. Msasa hapa ni adui, unapunguza ulimi na kiungo kinalegea kuliko mwanzo. Kama ulimi tayari ni mwembamba, uzungushie ubao mwembamba wa randa uliopakwa gundi, ukikauka uupunguze hadi uingie kwa kusukuma kwa mkono.

Jaribu kuunganisha kila kitu bila gundi kwanza. Halafu paka gundi pande zote mbili, ndani ya tundu na kwenye ulimi, unganisha, kaza. Huna klampu? Zungusha kamba imara kwenye miguu, ingiza kijiti katikati, kisokote mpaka gundi itoke kidogo kwenye kila kiungo. Weka kitambaa mahali kamba inapogusa mbao. Kabla gundi haijashika, simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa na usukume mpaka miguu yote iguse. Dakika hiyo ndiyo inayookoa kiti kisije kuyumba. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji, na asikae mtu kwa saa 24.

Hatua ya 6: Rangi

Msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, kufuata mistari ya mbao. Mimi napenda mafuta ya kitani au vanishi nyembamba. Rangi nzito inaficha ulichokipigania. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visikunjwe pamoja wala kutupwa kwenye kapu: vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Kama kitu kina rangi ya zamani sana, usipige msasa mkavu wala kuichoma. Risasi, ile metali yenye sumu, iliwekwa kwenye rangi kwa miaka mingi. Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na kuna nchi zilizochelewa zaidi. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Kitu cha namna hiyo, chenye rangi inayobanduka, hakifai kwenye nyumba yenye watoto.

Hatua ya 7: Vya umeme

Waya uliokatwa karibu na mwili wa kifaa ni ishara: ama mtu amechukua shaba, ama mwenye nacho alikuwa anakuonya kwamba kibovu. Taa ya mezani ni ya kuanzia, kwa sababu ina vitu vitatu tu, plagi, waya na kishikio cha balbu, na vyote vinabadilishwa. Badilisha waya hata kama unaonekana mzima. Kabla ya kuchomeka, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye mlio, gusa moja ya pini mbili za plagi zinazobeba umeme kisha mwili wa chuma wa taa, swichi ikiwa imewashwa. Rudia na pini ya pili. Ikilia kwa pini yoyote kati ya hizo mbili, mwili unaweza kubeba umeme, na taa haichomekwi mpaka ujue kwa nini. Pini ya ardhi, kama ipo, yenyewe inatakiwa ilie.

Maikrowevu usiifungue. Kapasita iliyo ndani, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, hufanya kazi kwa maelfu ya volti na inaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa nazo ziache zilivyo. Friji iliyokaa nje muda mrefu mimi sibebi. Kama lazima, isafirishwe ikiwa wima, na mlango ufungwe kwa kamba au ung'olewe kabisa mahali watoto wanapocheza.