Somo: Tungamo la maji yanayogonga panga, lini V na lini V − u

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Mwanafunzi wa mekanika ya vimiminika akikosa swali la jeti (maji yanayochomoka kwa nguvu kwenye nozeli) na mapanga (vibamba vya gurudumu vinavyogongwa na maji hayo), mara nyingi fomula ya kani anaijua vizuri. Kinachomwangusha ni tungamo, yaani kilo za maji yanayofika kila sekunde: kaandika ρaV mahali palipotaka ρa(V − u), au kinyume chake. Leo tunakaa kwenye tungamo. Kani tutaigusa kwa sababu haikwepeki.

Alama zetu: a ni eneo la mkato wa jeti, V ni kasi ya jeti ikitoka kwenye nozeli, u ni kasi ya panga au bamba, ρ ni densiti ya maji, 1000 kg/m³. Somo zima tutatumia nozeli ya kipenyo cha mm 50 na V = 20 m/s.

Hatua ya 1: eneo

Geuza milimita kuwa mita kwanza, halafu ndipo upige kipeo cha pili.

a = π/4 × 0.05² = 0.0019635 m²

Ukisahau kugeuza, jibu linazidi mara milioni moja.

Hatua ya 2: bamba lililotulia

Katika sekunde moja nozeli inatoa nguzo ya maji yenye urefu V. Bamba halisogei, kwa hiyo nguzo yote inalipata:

tungamo = ρaV = 1000 × 0.0019635 × 20 = 39.27 kg/s

Kama bamba ni bapa na jeti inalipiga kwa pembemraba, kani = 39.27 × 20 = 785.4 N. Hapa hapana fumbo, tusonge.

Hatua ya 3: bamba moja linalokimbia mbele ya jeti

Hapa tukae. Mtu yuko ufukweni Kibirizi na mpira wa pampu, anapiga maji kwenye tezi ya boti, yaani nyuma yake. Boti ikiwa imefungwa, kila kinachotoka kwenye mpira kinaifikia. Ikianza kuondoka, maji yanalazimika kuikimbiza, na sekunde inapokwisha sehemu ya maji yaliyotoka bado iko hewani inaifuata. Kasi ya kulifikia bamba si V tena, ni V − u.

Bamba letu liende kwa u = 8 m/s, mwelekeo uleule wa jeti:

tungamo = ρa(V − u) = 1000 × 0.0019635 × 12 = 23.56 kg/s

Lakini nozeli haijapunguza kitu, bado inatoa 39.27. Kilo 15.71 za kila sekunde ziko wapi? Hazijamwagika. Kila sekunde bamba linajitenga na nozeli mita 8 zaidi, kwa hiyo jeti yenyewe inarefuka mita 8. Pima maji ya urefu huo: 1000 × 0.0019635 × 8 = 15.71. Hesabu imefunga. Aliyeielewa mistari hii hana haja ya kukariri fomula.

Kani = 23.56 × 12 = 282.7 N. Angalia (V − u) imeingia mara mbili, kila moja kwa kazi yake: ya kwanza inahesabu maji yanayofika, ya pili inahesabu kasi ambayo maji hayo yanapoteza yakigonga.

Hatua ya 4: mapanga mengi kwenye gurudumu

Yale maji yaliyobaki njiani sasa yana mpokeaji. Panga la kwanza likisogea, la pili linaingia nafasi yake na kuyapokea. Gurudumu zima halijitengi na nozeli, jeti hairefuki, hakuna kinachobaki hewani. Kwa hiyo tungamo linarudi kuwa ρaV = 39.27 kg/s. Lakini kila panga bado linakimbia, kwa hiyo kasi inayopotea inabaki V − u:

kani = ρaV(V − u) = 39.27 × 12 = 471.2 N

Kazi kwa sekunde = 471.2 × 8 = wati 3770. Nishati ya jeti kwa sekunde = ½ × 39.27 × 20² = wati 7854. Ufanisi ni asilimia 48. Kwa mapanga bapa hata ukichagua u bora, yaani nusu ya V, huvuki asilimia 50.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kasulu: Mwalimu, bamba likiinamishwa, tungamo nalizidisha kwa sinθ?*

Hapana, ndugu yangu. Bamba lililotulia likiinama bado linapokea jeti yote, ρaV. Sinθ inaingia kwenye kani iliyo pembemraba na bamba: ρaV² sinθ, θ ikiwa pembe kati ya jeti na bamba. Kosa hili nalikuta kila mara kwenye madaftari.

*Kutoka Ujiji: Bamba likija kuelekea nozeli je?*

Jumlisha. V + u = 28, tungamo 54.98 kg/s. Hapo jeti inafupika, na maji yaliyokuwa njiani yanagonga pia. Na likikimbia kwa 20 m/s kamili, tungamo ni sifuri: maji hayalifikii kamwe.

*Kutoka Kibondo: Panga likipinda, tungamo linabadilika?*

Umbo la panga haliamui maji mangapi yanafika. Linaamua yanaondokaje. Panga likiyarudisha maji yalikotoka, nyuzi 180, bila msuguano, kani inakuwa maradufu, na ile asilimia 48 yetu inakuwa 96. Ndiyo siri ya vikombe vya gurudumu la Lester Pelton, aliyepewa hataza Marekani mwaka 1880. Vikombe halisi havifiki 180, maana maji yanayorudi yangegonga mgongo wa kikombe kinachofuata.

*Kutoka Mwanga: Mkuu, V mtihani hawakunipa, wamenipa kimo cha maji tu.*

V = √(2gh), h ni kimo hicho na g ni mchapuko wa graviti, 9.81 m/s², halafu zidisha kwa kizidishi cha nozeli kama kimetajwa. Kwa 20 m/s unahitaji kimo cha mita 20.4 hivi. Mita 100 zinakupa 44.3 m/s.

*Kutoka Bangwe: Maji ya Ziwa Tanganyika nayo tunaweka 1000?*

Weka 1000. Ni maji baridi, si ya chumvi.